Punda Hakuoa

Mpendwa mshauri,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya kochi la watu watatu lililobaki bila mkaliaji, nakutangazia wewe na wasomaji wako wote kwamba jana Jumapili, saa tisa na dakika kumi alasiri, nilivuliwa rasmi cheo cha Msimulizi Mkuu wa Katuni katika nyumba ambayo mabomba yake yote nimeyafunga kwa mikono yangu mwenyewe. Rimoti imetwaliwa. Waya wa deki ya filamu umechomolewa, ukaviringishwa, ukafichwa kwenye kabati chini ya shuka za wageni, mahali ambapo siruhusiwi kugusa kwa sababu nikigusa navuruga mikunjo. Hakuna aliyetoa hotuba ya kuniaga. Naomba msaada wako, na ukiweza unikopeshe na hasira kidogo, maana niliyo nayo itanifikisha Jumatano tu.

Mimi ni fundi bomba, miaka hamsini na mitatu, tumbo limenitangulia kidogo kila ninakokwenda. Wanangu wamekua na kuhama. Tumebaki watatu, mimi, mke wangu ambaye ni muuguzi, na mama yake mzazi, yaani mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu miaka miwili iliyopita baada ya presha ya macho kumchukulia sehemu kubwa ya nuru yake. Anaona mwanga na vivuli, sura ya mtu haioni, maandishi ndiyo kabisa. Alishona nguo maisha yake yote. Hadi leo atalishika pindo la suruali yako kwa vidole viwili akuambie aliyelishona alikuwa na haraka ya kwenda wapi.

Sasa Jumapili mke wangu huwa zamu, na mimi na Mama tukishakula na kuosha vyombo tunakaa kuangalia filamu ya kukodi, mimi kwa macho na yeye kwa masikio, na yeye hataki filamu za watu, anataka katuni. Nilimuuliza sababu akaniambia, "Mkwe, filamu za watu naweza kuzisikia mwenyewe, wanasema kila kitu mpaka wanachoka. Katuni ndiyo inataka macho. Niazime yako." Basi nikamwazima, nikawa namwambia sasa sungura kapanda ngazi, sasa ngazi imegeuka nyoka, sasa sungura kajifanya hajaona, na Mama anacheka mpaka anashika mbavu, na miaka miwili imepita hivyo, na sijisifu nikisema hakuna mtu mtaani anayesimulia katuni kunizidi, ingawa ni kweli pia hakuna mwingine anayesimulia.

Na kazi yenyewe siyo nyepesi, mshauri, usifikiri. Katuni za siku hizi zinachosha, nyuso zote zinang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa, kila mnyama amepewa meno mengi kuliko anayohitaji, na mambo yanakwenda mbio kiasi kwamba ukimeza mate umepitwa na vita viwili. Zile za zamani za kuchorwa kwa mkono uliona mpaka mstari unatetemeka, ukajua kuna mtu alikaa akachora huku mgongo unamuuma, ukamheshimu. Halafu hakuna katuni hata moja niliyowahi kuona ambayo bomba linapasuka kama mabomba yanavyopasuka, wao maji lazima yapande juu mpaka mbinguni na mtu akae juu yake kama kiti, nimefanya kazi hii miaka thelathini na maji hayajawahi kuniinua hata mara moja. Na usiniambie nihamie kwenye televisheni ya kawaida, maana huko hadithi inakatwa katikati ya pumzi wakuuzie sabuni, na ukisubiri wiki ijayo ujue mwisho, wiki ijayo wameihamisha saa. Ndiyo maana tunakodi. Filamu ya kukodi unaishika mkononi, unaiwasha mwenyewe, na ukihitaji kupumzisha macho kidogo baada ya mlo, unapumzisha.

Tunakodi kwa mzee mmoja anayeitwa Bwana Kasha, nyumba ya tano kutoka kwetu, kati ya kinyozi na duka la fotokopi. Jina hilo ni kwa sababu rafuni ameweka makasha matupu tu, diski zenyewe anazo kwenye droo za nyuma, unachagua kasha naye anakwenda kukuchimbulia diski. Ana desturi moja, na hapo ndipo vita vyangu vilipoanzia. Ukirudisha diski anakuuliza, "Imeishaje?" Kila mteja, kila diski. Anasema diski ikikwaruzika huanzia mwisho, na watu wana aibu ya kusema hawakumaliza, kwa hiyo yeye akisikia mwisho anajua diski ni nzima, anairudisha drooni bila kuipima. Na anayerudisha diski zetu ni Mama. Hiyo ndiyo safari yake ya Jumatatu asubuhi, peke yake na fimbo yake, nyumba tano kwenda, nyumba tano kurudi, na ole wake atakayejaribu kumshika mkono.

Mwezi uliopita Mama alirudisha filamu ya punda mzee mwenye kengele. Bwana Kasha akauliza imeishaje, Mama akasema punda ameoa. Wiki iliyofuata ilikuwa ya kobe anayemtafuta dada yake, Mama akasema kobe naye ameoa. Juzi juzi tukachukua ya roboti aliyeachwa zamu kwenye mnara wa taa, na kwa kweli siku hiyo nilikuwa nimetoka kuzibua karo la maji machafu tangu alfajiri, nikapumzisha macho, na Jumatatu Mama akaenda kusema roboti kafunga ndoa na mnara umepambwa maua. Sasa badala ya kunyamaza kama mfanyabiashara mwenye adabu, Bwana Kasha akamngoja mke wangu akitoka kazini, akamwambia kwa sauti ya msibani, "Dada, mama yetu ameanza kuchanganya mambo. Kila kitu kwake kinaoa."

Mshauri, nani kamwomba? Huyo ni mkodishaji wa diski, siyo daktari. Lakini mke wangu ni muuguzi na muuguzi ukimpa dalili humtoi tena hapo, akaanza kumuuliza mama yake mezani leo siku gani, mwezi gani, hesabu kutoka ishirini kurudi nyuma, akamwondolea ufunguo wa mlango, akamkataza jiko la gesi, akamfungia mkasi na sindano. Kisha akampigia kaka yake, shemeji yangu mkubwa, karani wa mahakama, anaishi mwendo wa saa nne kwa gari na anaongea kana kwamba kila sentensi ina mhuri. Shemeji kaamua Jumamosi hii anakuja na gari kumchukua Mama akakae kwake, kuna chumba cha uani na mtu wa kumwangalia. Na jana mke wangu alibadilishana zamu makusudi, akatukuta kwenye kochi, filamu inakwenda, mimi nimepumzisha macho, akazima kila kitu, akasema katuni ndizo zinazomvuruga Mama akili. Katuni. Kitu cha watoto wa miaka minne.

Sasa naomba uniambie. Je, mke ana haki ya kumpokonya mume rimoti bila kikao? Je, Bwana Kasha anaweza kushtakiwa wapi kwa kutangaza miisho ya filamu za wateja? Na shemeji anaweza vipi kumhamisha Mama bila kuniuliza mimi niliyekaa naye Jumapili mia moja? Kama Mama alijibu tofauti na yaliyomo kwenye diski, hilo ni lake na Bwana Kasha, mimi linanihusu nini?

Ni Mama huyo huyo aliyenijulisha safu yako, kwa kuwa kila Alhamisi mchana mimi humsomea gazeti, na tunaanza na wewe kabla hata ya habari. Naandika kwako kwa sababu yeye hukuamini.

Ni mimi,
Fundi Niliyevuliwa Cheo


MSHAURI ANAJIBU

Fundi, barua yako imefika Jumatatu na nimeipandisha juu ya nyingine kumi na nne, kwa sababu ya hilo gari la Jumamosi. Wale kumi na nne wanisamehe, wao wana matatizo ya mapenzi, yatawasubiri.

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilichukua kalamu nikahesabu mara ulizopumzisha macho. Wewe mtu mzima, mwenye kofia ya kazi na wajukuu njiani, huna neno la kulala? Unasema Mama "akaenda kusema roboti kafunga ndoa". Mama huyo hawezi kuona skrini. Habari ya ndoa ya roboti aliitoa wapi? Hakuiota yeye. Aliyelala hapo ni mwingine.

Ulisinzia, ukaamshwa na muziki wa mwisho, mama wa watu akakuuliza kimetokea nini, ukaona aibu, ukaozesha. Punda ukamwozesha, kobe ukamwozesha, na ulipofika kwenye roboti ukawa huna hata akili ya kubadilisha. Hata uongo wako ni mvivu.

Sikulaumu kwa kulala. Mtu aliyezibua karo tangu alfajiri, akala, akakaa kwenye kochi, asipolala huyo ndiye nitamshangaa. Na Jumapili mia moja za kumwazima mkwe wako macho ni jambo ambalo watoto wengi wa kuzaa hawalifanyi, nakupa heshima yako yote. Nakulaumu kwa yaliyofuata. Ulikaa mezani ukamsikia mkeo anamwambia mama yake ahesabu kurudi nyuma kutoka ishirini, ukaendelea kula. Uliona mkasi unafungiwa, mkasi wa mwanamke aliyeishi kwa mkasi. Unajua ana akili timamu kuliko nyote, na unajua kwa nini anaonekana hana, halafu unaniuliza mimi habari ya rimoti.

Mkeo hana kosa, amefanya kazi yake kwa dalili alizopewa. Bwana Kasha hana kosa, aliuliza swali lake la siku zote. Shemeji yako sijui sauti yake ikoje, lakini anakuja kumchukua mama yake kwa kuamini kwamba anaumwa. Hasira ulizoomba nikukopeshe ninazo, tena nyingi, ila sikukopeshi. Nazitumia.

Utafanya hivi. Kabla ya Jumamosi utamwambia Mama, wa kwanza, kabla ya mkeo, kwa sababu ni kichwa chake kilichotiliwa shaka. Usimwambie "huenda nilisinzia kidogo." Sema nililala, nikadanganya. Kisha mtakwenda wote wawili kwa Bwana Kasha, useme hayo hayo mbele ya kaunta, awepo mteja au asiwepo. Mkeo atafuata, na shemeji utampigia wewe, usimwachie mkeo simu hiyo.

Na kwa kuwa najua utatafuta saa nzuri ya kuanza mpaka Jumamosi ikukute bado unatafuta, saa nimekuchagulia. Umesema kila Alhamisi mchana unamsomea Mama gazeti, mnaanza na mimi. Leo ni Alhamisi. Msomee. Anzia juu kabisa, kwenye masikitiko yako makubwa, usiruke mstari hata mmoja, mpaka ufike hapa.


KUTOKA KWA FUNDI, WIKI ILIYOFUATA

Mpendwa mshauri,

Watu wananisimamisha barabarani kuniuliza nilitubu vipi. Bwana Kasha anasema nilipiga magoti, kinyozi anasema nililia. Naomba nafasi nieleze kilichotokea hasa, maana nimeshatosheka na miisho ya kubuni.

Alhamisi nilirudi nyumbani saa saba na gazeti kwapani. Mama alikuwa mezani jikoni, mikono juu ya mapaja, haina kazi. Nilifungua ukurasa wako nikaona kichwa cha habari. Nikaona punda. Masikio yakapata moto.

"Leo nani anamlilia mshauri?" Mama akauliza. Ndivyo anavyouliza kila Alhamisi.

Na mimi, mshauri, baada ya yote uliyoniandikia, ambayo nilikuwa nimeshayapitia kwa jicho pale pale kwenye duka la magazeti, nikakohoa nikaanza kusoma, "Mpendwa mshauri, mimi ni mama wa watoto wanne, nina jirani yangu mjane, mtu mpole sana."

Sikuwa na jirani. Sikuwa na mjane. Nilikuwa natunga barua nzima, jicho langu likiwa juu ya barua yangu mwenyewe.

"Endelea," akasema Mama.

"Jirani huyo amepata mchumba," nikasema, na hapo nikasikia ninakoelekea. Nilikuwa nakwenda harusini tena.

Nikashusha gazeti. Bomba la sinki lilikuwa linadondoka, bomba la nyumba ya fundi bomba, na kila tone nililisikia.

"Mama, nimeruka," nikasema.

"Umeruka wapi?"

"Yote."

Akavuta kiti chake karibu na meza. "Rudi juu."

Nikasoma. Nikasoma masikitiko, na kochi, na tumbo langu, na pale penye pindo la suruali alitabasamu kidogo, ndiyo mara ya mwisho aliyotabasamu siku hiyo. Kila nilipofika kwenye kupumzisha macho alikunja kidole kimoja. Nilipomaliza jibu lako alivikunjua vidole kimoja kimoja. Kuna jambo sikukuandikia katika barua ya kwanza. Wiki mbili nyuma alikuwa ameniuliza, tukiwa sisi wawili, "Mkwe, niambie kweli, kichwa changu kinaniacha?" Nami nilimjibu, "Hapana Mama, ni yule Bwana Kasha, haangalii filamu zake." Hilo ndilo alilolirudia sasa, neno kwa neno, kwa sauti yangu. Kisha akasema, "Ulinisikia nauliza, ukanijibu hivyo."

"Ndiyo, Mama."

"Basi nipe fimbo."

Sikupiga magoti. Nilitembea nyuma yake nyumba tano, kama fundi anayefuata mwenye nyumba kwenda kuonyeshwa alichoharibu. Dukani kulikuwa na wateja wawili. Nilisema nililala, nikadanganya, na sauti ilitoka ndogo hivi kwamba Bwana Kasha alisema "eti?" ikabidi niseme tena. Sikulia, ingawa kinyozi aliyekuja mlangoni na taulo begani anaweza kuwa aliona kitu kinachofanana.

Mama hakunigeukia mimi. Alimgeukia Bwana Kasha. "Yule punda, imeishaje?"

Bwana Kasha akamsimulia. Punda anawavusha watoto daraja, daraja linakatika, yeye anabaki ng'ambo ya pili. Watoto wanasikia kengele mlimani, wanadhani ni yeye anarudi, kumbe ni yule mtoto wa punda aliyevishwa kengele mwanzoni.

"Ndiyo maana aliivua," akasema Mama. Akashika kaunta. "Nilijiuliza kengele imekwenda wapi. Mtu anavua kengele mwanzoni, mwisho anaoa, kengele haitajwi. Nikasema mshono umekatika kichwani mwangu, kuna kipande nimekisahau. Wiki nzima nakitafuta kile kipande."

Hapo, mshauri, ndipo nilipojua nilichofanya. Nilidhani nimempa mwisho mzuri.

Yaliyobaki ni mafupi. Mke wangu alirudisha ufunguo na mkasi jioni ile ile, akamwomba mama yake radhi, mimi akaniambia sentensi mbili ambazo gazeti lako haliwezi kuzichapa. Shemeji nilimpigia mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimepokea maelezo," akakata. Jumamosi alikuja hata hivyo, akala chakula kilichopikwa na mama yake kwenye jiko la gesi, akaondoka na gari tupu. Mimi hakunipa mkono mpaka alipokuwa ameshawasha injini.

Cheo changu kimerudi kwa masharti. Nasimulia nikiwa nimesimama. Rimoti anaishika Mama, na kitufe kimoja amekibandikia kipande cha kitambaa ili kidole chake kikipate upesi.

Jumapili hii tulikuwa na katuni ya nyuki asiyejua kuruka. Nilijitahidi, mshauri. Nilikunywa chai kali, nilinawa uso. Dakika ya arobaini na kitu nilisinzia nikiwa nimeegemea ukuta, mpaka fimbo iliponigusa mguu.

"Mkwe. Kimetokea nini?"

Nyuki alikuwa juu ya paa, analia, na sikuwa na habari amefikaje huko. Mdomo ulishajiandaa. Nilimwona mpaka bibi harusi wake.

"Sijui, Mama," nikasema. "Nililala."

"Haya," akasema, akakitafuta kile kitambaa kwa kidole gumba, akarudisha nyuma.